Siku Shangazi Alipofukiza Jezi

Siku hiyo tulikuwapo hawa: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata kwa kuzaliwa, mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, aliyeomba ruhusa kazini akaja na kanzu yake ya ofisi, shangazi yetu, dada wa marehemu baba, watoto wa timu yangu, wasichana kwa wavulana, na golikipa wao ni binti wa huyo mdogo wangu wa kike, mzee anayeendesha mashine ya kulainisha barafu, na mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka nchi ya theluji, aliyekuja Maskati kunitahini. Baba na mama hawakuwapo, lakini katika kila jambo letu kubwa mimi huwahesabu na wao.

Mimi ni kocha wa hoki ya barafu. Nikisema hivyo arusini, mwanamke niliyekaa naye huitazama kwanza abaya yangu, halafu miguu yangu, halafu huniuliza kama nimeolewa. Simlaumu. Miezi ya joto hapa kwetu mtu hashiki mlango wa gari bila ya kitambaa, na mimi namwambia kwamba kazi yangu iko juu ya barafu. Lakini barafu ipo, ndani ya jengo la maduka, nyuma ya vioo, pana kama kiwanja cha skuli. Watoto huvaa viatu vyenye visu chini, hushika magongo, hukimbizana na kisahani cheusi cha mpira mgumu mpaka mmoja akitie wavuni. Mengine yaliyobaki ni kuanguka na kuinuka.

Sikuutafuta mchezo huu. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hajamaliza eda. Nilikuwa bado nasoma. Baada ya arubaini ya mama, jamaa walikaa sebuleni kwetu, Khuwair ya Kusini, wakinywa kahawa na kutugawa: huyu aende huku, yule kule, mdogo wa mwisho achukuliwe na shangazi, kwake Mawaleh. Nia yao ilikuwa njema. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, nimempakata mdogo wa mwisho, na nilipokwenda kukusanya vikombe nikasema kwamba hatugawanywi, mimi nitaacha skuli nitafute kazi. Shangazi alikitikisa kikombe chake, kama afanyavyo mtu aliyetosheka na kahawa, akanipa mkononi.

"Basi," akasema. "Mkubwa kesha sema."

Kazi niliyoipata ilikuwa ya kaunta ya viatu kwenye ukumbi wa barafu. Walitaka msichana, kwa sababu akina mama hawakupenda mabinti zao wafungwe kamba za viatu na wanaume. Nilifunga kamba miaka na miaka. Kabla sijakanyaga barafu mwenyewe nilikuwa nimeshaijua miguu ya nusu ya watoto wa mji huu: nani ana kisigino chembamba, nani anasema kiatu kinambana na kumbe anaogopa.

Kocha wa wakati huo alikuwa bwana mmoja mgeni mwenye masharubu mazito, akimwita kila mtu habibi, hata kiti. Nasema kiti kwa sababu wanaoanza husukuma kiti cha plastiki mbele yao wapate kujishikilia, na yeye alikuwa akikigombeza kiti badala ya mtoto. Asubuhi moja, kabla ya mlango kufunguliwa, alinikuta nyuma ya kaunta naigiza hatua zake juu ya mazulia ya mpira. Hakucheka. Alikwenda akaleta kiti, akakisukuma mpaka mbele yangu, akarudi kwenye kazi zake.

Basi nikaanza kwenda mapema kila siku. Lakini kwenda mapema kulitaka mtu wa kubaki nyumbani, na mtu huyo alikuwa mdogo wangu anayenifuata. Yeye ndiye aliyemwosha na kumvisha mdogo wa mwisho, akampa chai na mkate, akampeleka skuli, ndipo akaenda yake, mara nyingi akikuta somo la kwanza limekwisha. Hakuwahi kulalamika. Mara moja tu, akiwa anakanda chapati, aliniambia bila ya kuinua kichwa, "Nenda, Dada. Lakini ukishakuwa hodari, unifundishe na mie." Nikamwambia inshallah.

Bwana wa masharubu aliondoka ghafla, mkewe alipougua huko kwao. Alivua filimbi shingoni akanipa, akasema niishike mpaka aletwe mwingine. Mwingine hakuletwa. Jioni ile watoto walikuja kama kawaida, nikawafunga viatu, wakajipanga, wakanitazama. Nikapiga filimbi.

Namna yangu ya kufundisha niliitoa mahali nilipopajua, chuo cha Kurani. Mtoto akifika kwenye lango la barafu hutoa salamu, huingia kwa mguu wa kulia, na kila mmoja ana mahali pake katika mstari, hapabadiliki. Golikipa huwa wa mwisho, kwa sababu akishavaa mito yake ya miguuni na kifuani huwa mpana kama kabati. Kutoka hutoka kwa mstari ule ule. Wazazi wengine waliona ni mambo ya chuoni. Kweli ni ya chuoni. Lakini mtoto anayejua nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma yake hapotei, na mimi nikitupa jicho moja najua kama wametimia.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mpaka wenye ukumbi walipotangaza kwamba kuanzia sasa kila kocha lazima awe na cheti. Atakayefaulu atabaki na timu yake. Atakayeshindwa, timu atapewa mwengine mwenye cheti, na jina la mwengine huyo lilikuwa limeshaanza kusikika. Mimi ningerudi kwenye kaunta, nimfunge kamba golikipa wangu, kisha nimtazame nyuma ya kioo akifundishwa na mtu asiyejua kwamba huyu mtoto akigombezwa huganda.

Sikuwa nimefanya mtihani tangu nilipoacha skuli. Baada ya sala ya isha mdogo wetu wa mwisho alikuwa akija kwangu na kitabu cha mafunzo, akinisomea Kiingereza chake na kunieleza. Yeye niliyemfundisha alifu na be, sasa anagonga meza kwa kalamu. "Mwanafunzi, kaa vizuri," akisema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukinipiga kwa mwiko nikisinzia." Tukicheka, na mimi usingizi ukanipotea kwa hofu. Sehemu ya kuandika niliifanya siku ya kwanza. Nilipokosa neno nilichora picha. Mtahini alizichukua karatasi zangu. Ilibaki siku ya pili, anitazame nikifundisha barafuni kwa muda wa saa moja, kisha jioni apande ndege.

Sasa nimwelezee shangazi. Alizaliwa Unguja, akaja huku msichana na wazee wake, na katika maisha yake yote hajaacha nguo itoke nyumbani kwake bila ya kufukizwa. Kanzu, shuka, mitandio, hata mapazia siku za Idi. Udi wake huununua soko la Matrah kwa mtu mmoja tu, na kila mara hugombana naye. Mtu wa namna hiyo, siku ya kwanza alipokuja kwangu akakuta vifaa vya hoki vimetandazwa kibarazani vikauke, alisimama mlangoni na ukaya wake wa kichwani ameuziba puani. Aliyewahi kufungua begi la mchezaji wa hoki ataelewa. Jasho la mtoto likikauka ndani ya sponji, kesho likarowa tena, harufu yake haina mfano.

"Nyumba ya watoto wa kaka yangu," akasema, "inanuka kama samaki wa juzi."

Kwa hiyo aliposikia kwamba anakuja mgeni kutoka ng'ambo kutazama kazi yangu, alinipigia simu mara kwa mara, na suala lake lilikuwa moja: huyo mgeni atakaa wapi na atakula nini? Nilimwambia mgeni haji kula. Akaniuliza kama nimefundishwa hivyo na mama yangu. Siku yenyewe alifika na mdogo wangu wa kike na wa mwisho, wamebeba busati kubwa lililokunjwa, chupa ya kahawa, vikombe, tende na bakuli la halwa. Nikawaambia wakae ukumbini nyuma ya kioo, wangoje tumalize. Nikaenda kuongea na mtahini.

Watoto walipoanza kutoka chumba cha kubadilishia nguo na kujipanga langoni, nilinusa udi. Nikafikiri mama wa mtoto mmoja amepita. Mtahini alikuwa pembeni yangu na kalamu yake. Mstari ulikuwa umetimia isipokuwa golikipa, na hilo ni la kawaida. Nilikuwa nimeshatia filimbi mdomoni, namngoja, king'ora cha moto kikalia.

Walinzi walikuja mbio, wakatuelekeza mlango wa nyuma, unaotokea kwenye maegesho ya magari chini ya jengo. Nyote nje, sasa hivi. Hapo ndipo shida ilipoanza. Visu vya viatu vyetu havikanyagi saruji. Hatua chache tu na makali yamekwisha, siku ya mtihani. Vina ala zake za plastiki za kuvivalisha, lakini ala zilikuwa chumbani, na chumbani ndiko ulikotoka moshi. Na tukiwavua watoto viatu, wangeungua nyayo. Maegesho yale yana kivuli, lakini sakafu yake huhifadhi joto kama chapati iliyofunikwa.

Sikuwa nimesema neno. Mdogo wetu wa mwisho akapita mbele yangu na busati begani, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, na mdogo wangu wa kike alikuwa ameshafika nje anasukuma toroli za duka kupata nafasi. Wakatandika. Zulia la mpira la ndani likaishia mlangoni, na busati likaanzia mlangoni. Nikawatoa watoto kwa mstari wao, salamu hakuna leo, mguu wowote, wakakaa juu ya busati miguu ikielea juu kama kuku waliofungwa.

Nikatupa jicho langu. Wa mwisho hayupo.

Mdogo wangu wa kike alijua wakati ule ule niliojua mimi. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, na mimi nikageuka kurudi ndani, mlinzi akanizuia kwa mkono, nikausukuma mkono wake. Sijui ningefanya nini zaidi. Mlango ukafunguka kwa ndani. Akatoka shangazi, ameshika chetezo cha udi mbele yake kwa mikono miwili, kinafuka, na nyuma yake golikipa wangu, amevaa vifaa vyake vyote, amebeba mkoba wa shangazi na viatu vya shangazi.

Wale walinzi walikitazama chetezo. Sote tulikitazama chetezo.

"Kuna nini?" shangazi akauliza. Akaelewa mwenyewe, akauweka sawa ukaya wake. "Mie nnafukiza nguo. Sikuchoma nyumba."

Kumbe wakati mimi naongea na mtahini alikuwa ameingia chumba cha watoto, akazifukiza jezi zote moja moja, watoto wamepanga foleni. Golikipa alimwacha mwisho kwa makusudi, akamwambia yeye ndiye anayenuka kuliko wote, na mito yake ikataka kipande cha pili cha udi. Mdogo wangu alimvuta mwanawe akamkumbatia na mito yake, wakawa kama watu wawili wenye godoro katikati. Mimi niliinama, nikajidai nafunga kamba ya mtoto.

Mlinzi alisema hawezi kutufungulia mpaka waje wenyewe wa usalama wa moto wakague. Lini? Hajui. Mtahini akatazama saa yake. Nilimwomba radhi kwa Kiingereza changu, nikamwambia ni shangazi yangu, ni desturi yetu, mgeni akija. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, lakini akatazama saa tena, na mimi nikaiona timu yangu inaondoka pale pale, si kwa sababu sijui kazi, bali kwa sababu saa yangu imeliwa na moshi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amemwachia mwanawe. Alimkaribisha mtahini busatini, akamvua viatu kwa adabu, akamtilia kahawa. Kisha akaja kwangu akanipa mkononi vikombe vilivyobaki, vimepandana.

"Dada," akasema. "Fundisha."

Nikapiga magoti. Nikapanga vikombe juu ya maua ya lile busati: hawa ni sisi, hawa waliofudikizwa ni wao. Wavu ni bakuli la halwa. Golikipa ni chupa ya kahawa.

"Mimi ndiye chupa?" golikipa akasema.

"Umbo lenyewe," mjomba wake akamjibu, na watoto wakaangua kicheko.

Kisahani kilikuwa tende. Nikawaonyesha kwa nini kisahani kikiingia pembeni hatuendi sote kama nzi, wanakwenda wawili na mmoja hubaki mbele ya wavu. Nikawauliza, wakasogeza vikombe wenyewe, wakabishana, mmoja akasema mwenzake hapasi kisahani hata kwa dua. Ilipokuja zamu ya mtoto wetu mdogo kuliko wote, tulisubiri apige, tukatazama, tende hakuna. Ameila. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kiti cha mlinzi, chetezo kimezimwa miguuni pake, akasema mtoto huyo peke yake ndiye mwenye akili.

Mtahini akaniuliza somo langu la kwanza kwa mtoto mgeni ni lipi. Nikamwambia kuanguka. Akasema anataka kuliona. Basi watoto wangu, katika joto lile, na helmeti na mito yao, wakaanza kuanguka juu ya busati: kidevu kifuani, ubavu kwanza, mikono ndani, goti moja, inuka. Udi ulikuwa ukitoka katika jezi zao kila walipopinduka. Yule mama akaweka kalamu chini, akawa anatazama tu.

Waliporuhusu turudi, milango ilikuwa imekaa wazi na barafu ilikuwa na jasho. Ukungu mwembamba ulitanda juu yake. Mzee wa mashine alipita nayo mara moja bila ya kuambiwa. Ilibaki robo saa hivi kabla ya umma kuingia. Watoto wakasimama langoni, salamu, mguu wa kulia, na wakacheza kile walichokipanga kwa vikombe. Walikosea mara nyingi. Lakini kisahani kilipokwenda pembeni walikwenda wawili, na mmoja alibaki.

Mtahini hakuningojesha. Palepale ubavuni mwa barafu aliniambia polepole, nipate kumfahamu, kwamba karatasi zangu zilikuwa na makosa ya maneno na hazikuwa na makosa ya mchezo, kwamba cheti kitafuata, na timu ni yangu. Akaongeza kwamba amefanya kazi katika kumbi nyingi, na huu ni wa kwanza ambao timu yake inanukia.

Nilikwenda nikakaa nyuma ya kaunta ya viatu, sakafuni, pale nilipokuwa nikikaa nilipokuwa msichana. Mtu akibeba ndoo ya maji kichwani muda mrefu, akiitua, shingo huendelea kuisikia. Mimi siku ile ndoo ilituliwa, na kwa mara ya kwanza tangu vikombe vya kahawa vya sebuleni kwetu sikuwa na mtu wa kumwogopea. Golikipa yuko salama, anakula halwa. Mdogo wa mwisho yuko salama, anapiga pasi ya mikono kwenye kanzu yake. Nililia kidogo, kilio kitamu. Shangazi alinikuta hapo, akaniambia niinuke, sakafu baridi. Nikambusu mkono.

"Unaona?" akasema. "Bila ya udi ungeshindwa." Sikumbishia. Mpaka leo hadithi ya familia inasema hivyo.

Tangu siku ile ukumbi umenipa saa za wasichana pia, na mtu mwingine amewekwa kaunta. Asubuhi zangu sasa ni zangu, sina kaunta ya kukaa wala kitabu cha kujifunza.

Jioni ile ya mtihani, mdogo wangu wa kike alikuwa akifuta vikombe kimoja kimoja kwa ncha ya mtandio wake na kuvirudisha kwenye sanduku. Nilikwenda nikamsaidia kukunja busati. Tuliposhika pembe, akaja na zake mpaka kwenye zangu, na tukawa uso kwa uso.

"Ushakuwa hodari, Dada," akasema.

"Inshallah," nikaanza.

"Usinitie inshallah. Nnataka siku."

Nikamtajia Ijumaa asubuhi. Ijumaa hiyo mwanawe aliamka na homa. Ijumaa iliyofuata shangazi alimtaka Mawaleh, kuna hitima. Kisha ikaja Ramadhani. Nimewafundisha watoto wa mawaziri na watoto wa madereva, nimemfundisha bibi mmoja aliyekuja na wajukuu wake, na mtu aliyenifungulia mlango wa kila asubuhi bado hajakanyaga barafu.

Mguu wake naujua, niliufunga kamba alipokuwa mtoto. Viatu vyake nimeshavinoa, nimevivika ala, nimeviweka chini ya kaunta kwenye kisanduku, na huyo msichana mpya wa kaunta nimemwambia asimpe mtu. Kiti cha plastiki nimekiweka karibu na lango. Kila nikipita mlangoni asubuhi hugeuka kutazama maegesho kama gari lake limefika.